Maswali ya wasomaji: bursi za chuo kwa vijana viziwi

Mafinalisti wa sekondari wako mbioni na dosye zao. Barua za mara hii karibu zote zinahusu watoto viziwi, au wenye usikivu hafifu, wanaotafuta bursi ya kuingia chuo kikuu. Tumechagua tano.

*Salamu kwenu, ndugu wahariri. Binti yangu alipoteza usikivu akiwa na miaka 3, baada ya homa ya uti wa mgongo. Sasa yuko mwaka wa mwisho wa humanite. Kijana wa jirani amempa orodha ya bursi 20 za Amerika za viziwi, na kila jioni anajaza fomu. Tuanzie wapi kweli?*
Mama wa Katuba, Lubumbashi

Mama, mwambie aweke fomu pembeni kwanza, ashike kalamu nyekundu aanze kufuta. Orodha hizo zimeandikwa kwa ajili ya watoto wa Marekani. Zikifika kwenye simu zetu hakuna anayesoma masharti.

Cha kwanza kutazama ni uraia. Bursi ya Sertoma, ambayo haikosi kwenye orodha hizo, ni ya raia wa Marekani waliopungukiwa usikivu kwa desibeli (kipimo cha nguvu ya sauti) 40 au zaidi kwenye masikio yote mawili. Binti yako hata akiwa na 90, dosye yake haitasomwa. Fedha za serikali ya Marekani zinazoombwa kwa fomu ya FAFSA hazimhusu anayeingia kwa viza ya masomo. Idara za majimbo zinazowalipia karo watu wenye ulemavu nazo zinahudumia wakaazi wao tu. Futa zote.

Kisha tazama kifaa. Bursi iitwayo Graeme Clark ni ya waliopandikizwa kifaa cha Nucleus cha kampuni ya Cochlear ndani ya sikio, na ile ya Anders Tjellström ni ya wanaotumia kifaa cha Baha cha kampuni hiyohiyo. Asiye na kifaa hana nafasi. Mwisho tazama namna ya kuwasiliana: bursi ya shirika la AG Bell inakusudiwa wanaosikiliza kwa msaada wa vifaa na kuzungumza kwa mdomo, wakisoma katika vyuo vya kawaida. Msichana anayeishi kwa lugha ya ishara hataingia hapo hata akiandika barua nzuri namna gani.

Katika 20 zitabaki mbili au tatu, na hizo kwa kawaida hutolewa na chuo chenyewe kwa mwanafunzi aliyekwisha kukubaliwa. Ndiyo maana utaratibu unageuka: kwanza nafasi, halafu fedha. Vyuo viwili vya kuviandikia ni Gallaudet University mjini Washington, kilichopewa mamlaka ya kutoa digrii mwaka 1864 kwa saini ya Rais Lincoln, na National Technical Institute for the Deaf, kitivo cha Rochester Institute of Technology katika jimbo la New York, kilichoundwa kwa sheria ya 1965. Gallaudet hufundisha kwa lugha ya ishara ya Marekani pamoja na Kiingereza cha kuandika. Rochester ni mahali pa mtoto anayependa mashine, kompyuta na maabara.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo wazazi wanapoumia. Gallaudet inaendeshwa kwa sehemu kubwa na fedha za serikali, kwa hiyo sheria inamtaka mgeni alipe nyongeza juu ya karo: asilimia 50 kwa anayetoka nchi inayoendelea kama yetu, asilimia 100 kwa wengine. Wageni pia hawaruhusiwi kuzidi asilimia 15 ya wanafunzi. Juu ya hapo weka bweni, chakula, bima ya afya, vitabu na tiketi ya ndege. Bursi ya dola 5,000 ni fedha nyingi Katuba, lakini chuo hakitatoa hati ya I-20, ile ya kuombea viza, mpaka mwonyeshe fedha za mwaka mzima wa kwanza. Waandikieni ofisi ya wanafunzi wa kigeni mkiuliza jumla ya mwaka kwa mtu wa nchi inayoendelea, kisha mtoe bursi kwenye jumla hiyo. Kinachobaki ndicho deni lenu, na ni heri kukijua mapema.

Ulizeni pia kuhusu bursi ya World Deaf Leadership, inayogharimiwa na Nippon Foundation ya Japani kwa viziwi wa nchi zinazoendelea, na kama imefunguliwa mwaka huu. Wanaoitoa wanatafuta mtu atakayerudi kuwatumikia viziwi wenzake. Barua ya kusema "nataka maisha mazuri" haifiki mbali. Inayoeleza shida moja ya viziwi wa Lubumbashi, kwa mfano mgonjwa kiziwi asiyeweza kumweleza daktari maumivu yake, na ni nini binti anataka kufanya juu yake, ina nguvu zaidi.

*Mimi ni mwalimu. Mwanafunzi wetu alituma cheti cha daktari wa masikio, chenye saini na kashe. Wamekirudisha wakisema hakithibitishi kitu. Daktari ameandika wazi kwamba ni kiziwi kabisa! Tumekosea wapi?*
Mwalimu, Kadutu, Bukavu

Mwalimu, maneno ya daktari hayatoshi. Wanataka audiogramu, yaani mchoro wa kipimo wenye namba ndani yake. Kwa mlalo kuna masafa ya sauti, kuanzia hezi 250 hadi 8000. Kwa wima kuna desibeli. Sikio la kulia huchorwa kwa duara jekundu, la kushoto kwa alama ya X ya bluu.

Wanaosoma dosye hutafuta wastani. Tuseme sikio lililo na nafuu limepata 70 kwenye hezi 500, 75 kwenye 1000, 85 kwenye 2000 na 90 kwenye 4000. Jumla ni 320, ukigawa kwa 4 unapata 80. Wengine hutumia masafa matatu ya kwanza tu: 230 kwa 3, karibu 77. Tofauti inaonekana ndogo, lakini kwa madaraja ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021, yanayotumia masafa manne, 65 hadi chini ya 80 ni upungufu mkali, na kuanzia 80 unaingia daraja linalofuata, la upungufu mkubwa zaidi. Soma masharti ya bursi uone wanahesabu vipi, na umwombe mpimaji aandike wastani wa kila sikio chini ya mchoro.

Makosa tunayoyakuta mara kwa mara ni haya. Sikio moja limepimwa, la pili limeachwa kwa sababu "yote ni sawa." Kipimo kimefanywa kwa njia ya hewa tu bila ile ya mfupa, kwa hiyo haijulikani kama tatizo liko kwenye ngoma ya sikio au ndani zaidi. Mtoto amepimwa akiwa amevaa vifaa vyake vya kusikia. Nta haikutolewa kwanza, au alikuwa na mafua mazito. Jenereta inanguruma nje ya dirisha: chumba kisichozuia kelele huharibu kabisa kipimo cha mwenye usikivu hafifu, maana kelele hufunika sauti ndogo na upungufu unaonekana mkubwa kuliko ulivyo.

Kuna kosa lingine dogo ambalo huenda ndilo lililowaangusha. Kijana asiposikia hata mashine ikifika mwisho wa nguvu yake, mpimaji anatakiwa kuweka alama yenye mshale unaoelekea chini. Wengi wanaacha nafasi tupu. Huko ng'ambo nafasi tupu inasomwa "hakupimwa."

Kipimo kiwe na tarehe, jina la mashine, tarehe ya mwisho ya kuisawazisha, jina na kashe ya aliyepima. Kisizidi mwaka mmoja. Mkikituma, mkipige skani ya rangi. Fotokopi nyeusi inafanya masikio mawili yafanane. Maelezo ya Kifaransa yapelekwe kwa mtafsiri aliyeapishwa, namba na mchoro vibaki vilivyo.

*Mimi ni kiziwi, nina miaka 19. Kwenye Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, nimepata pursantaji 58. Najua lugha ya ishara na Kifaransa cha kuandika. Kiingereza sijui. Nina bahati yoyote?*
Kijana wa Himbi, Goma

Ndugu yetu, kwa upande wa ishara una mtaji kuliko unavyodhani. Andrew Foster, Mmarekani mweusi wa kwanza kupata digrii ya Gallaudet, mwaka 1954, alifungua shule za viziwi zaidi ya 30 katika nchi 13 za Afrika, Kongo ikiwamo. Alifariki Desemba 1987 ndege ilipoanguka karibu na Gisenyi, hapo ng'ambo yako tu. Ishara alizoleta zilitoka kwenye lugha ya ishara ya Marekani, na shule nyingi za viziwi za Afrika inayotumia Kifaransa zilijengwa juu yake. Kama ishara zako zimetoka huko, alfabeti ya vidole na ishara nyingi utazitambua. Zitakazokuchanganya ni zile zilizoanzishwa na herufi ya neno la Kifaransa.

Kizuizi chako ni Kiingereza cha kuandika, na hicho hakipatikani kwa miezi mitatu. Jipe mwaka mmoja na nusu wa kusoma na kuandika kila siku. Mitihani ya Kiingereza ya TOEFL na IELTS inamruhusu mtahiniwa kiziwi kuomba aondolewe sehemu ya kusikiliza. Ombi hilo hutumwa pamoja na audiogramu na kujibiwa kabla ya kupewa tarehe, kwa hiyo anza miezi mitatu mbele. Ukilipia kwanza na kuomba baadaye unaweza kujikuta mbele ya spika na fedha imeliwa.

Pursantaji 58 ni ya kupita, si ya kung'aa. Bulletini zako za miaka minne zitaangaliwa pamoja nayo, hasa hesabu na lugha. Prefe azitie kashe upya, ukurasa kwa ukurasa. Usisubiri diploma yenyewe, huchelewa. Chukua hati ya kufaulu. Matokeo yetu yanatoka Julai au Agosti, wao wanaanza masomo mwishoni mwa Agosti, kwa hiyo mwaka wa kungojea hauepukiki. Utumie kwa Kiingereza na pasipoti.

Na angalia majina. Sisi tuna jina, postnom na prenom; fomu zao zina visanduku viwili. Fuata pasipoti herufi kwa herufi, na uandike hivyohivyo kila mahali. Postnom ikiwa kwenye bulletini na kukosekana kwenye fomu, kwao hao ni watu wawili.

*Kuna bwana anadai dola 300 ili "kuhakikisha" bursi ya mwanangu. Nimpe?*
Papa wa Ruashi, Lubumbashi

Usimpe, Papa. Hakuna anayeweza kuhakikisha. Malipo halali yana risiti ya ofisi husika: ada ya maombi kwa chuo, pasipoti, mtihani, na kwa Marekani ada ya SEVIS (mfumo wa serikali wa kusajili wanafunzi wa kigeni) ya dola 350, inayolipwa baada ya I-20 kutoka. Ikiwa ameshachukua nywila ya barua pepe ya mtoto, ibadilisheni leo hii.

*Mtoto wetu ana usikivu hafifu na hatuna uwezo wa kumpeleka Amerika. Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU) kitampokea namna gani?*
Wazazi, Kampemba

Sheria iko upande wenu: Kongo ilijiunga na Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2015, na Sheria (loi organique) namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki zao. Lakini profesa kwenye auditorium ya watu mia nne hatakumbuka sheria asipoandikiwa. Kabla ya kujiandikisha, mwandikieni katibu mkuu wa masomo, nakala kwa dekano wa kitivo, mkitaja vitu vinavyoshikika: kiti cha mbele, silabasi mapema, maswali ya mdomo yageuzwe ya maandishi, mwenzake mmoja aruhusiwe kumpatia noti. Bakini na nakala iliyopigwa kashe ya kupokelewa.

Kama anahitaji mkalimani wa ishara, huyo ndiye gharama, si minervali (karo). Masomo ya saa 18 kwa wiki, kwa wiki 15, ni saa 270. Mkalimani mmoja huchoka na kuanza kuruka maneno baada ya dakika 20 au 30, kwa hiyo wanahitajika wawili wa kupokezana: saa 540 za kulipwa. Mkiomba msaada parokiani au kwa shirika lolote, leteni hesabu hii, kwa sababu bursi ya karo peke yake itamwacha amekaa darasani akitazama midomo.

Nje ya nchi lakini karibu, ulizeni Kyambogo University ya Kampala, yenye kitivo cha mahitaji maalumu na mafunzo ya ukalimani wa ishara. University of Gondar ya Ethiopia nayo, kwa fedha za Mastercard Foundation, imekuwa na mpango wa bursi unaowatazama hasa vijana wenye ulemavu. Wakimwita kwa mahojiano ya video, mwanga uwe mbele yake na dirisha lisiwe nyuma ya kichwa, shati la rangi moja lisilofanana na ngozi ya mikono, simu isimame mbali kiasi cha kuonyesha mikono yote hadi kiunoni. Mahojiano mengi ya ishara yanakatika kwa sababu mtu alishika simu mkononi.