Usimeze vidonge vya sonona vya mumeo
Juzi dada mmoja kanitumia meseji, mumewe anameza amitriptilini na imemkaa vizuri, sasa na yeye hali si nzuri, je akimega nusu kuna shida? Shida ipo mdogo wangu, na mimi ndo mfano wako.

Mimi na kaka yangu ni mapacha, yeye Kulwa mimi Doto. Mama alipofariki sonona ikatupiga wote, tukaandikiwa amitriptilini hiyohiyo. Kulwa baada ya mwezi analala, anakula, anacheka na washkaji. Mimi mdomo mkavu kama nimelamba majivu, choo siku tano hakuna, asubuhi kichwa kizito mpaka mtoto anachelewa shule. Kulwa akaniambia mbele ya mashangazi, "Doto hutaki kupona, unadeka." Hilo neno linaniuma mpaka leo, nisiwadanganye.

Daktari wa pili ndo akaniuliza habari za hedhi, nikashangaa, hedhi na huzuni wapi na wapi? Akanielezea utafiti wa Marekani wa mwaka 2000, wagonjwa 635 wenye sonona sugu, wengine wakapewa sertralini wengine imipramini, ambayo ni ukoo mmoja na hiyo amitriptilini yangu. Wanawake wakafanya vizuri zaidi kwenye sertralini na kwenye imipramini wengi wakaishia njiani, wanaume kinyume chake. Ila waliokoma hedhi tofauti haikuonekana, ndo maana wanashuku homoni. Si sheria ya kila mtu, tafiti nyingine hazikuona hivyo, lakini nililia pale kwenye kiti. Na kumbe Marekani kuanzia 1977 mpaka 1993 wanawake wa umri wa kuzaa walizuiwa kwenye majaribio ya mwanzo ya dawa! Dawa wapimiwe wao, kudeka tudeke sisi.

Nikabadilishiwa fluoksetini, ambayo ni ukoo mmoja na ile sertralini. Kichefuchefu wiki mbili, halafu kama wiki ya sita nikajikuta naimba huku nakaanga vitumbua.

Kwa hiyo dada, nenda kaonwe wewe kama wewe. Andika kila siku unavyojisikia pamoja na tarehe za hedhi, sema kama unameza majira, sema kama unanyonyesha, na ukishaanza dawa usiache ghafla. Na usimeze ya mumeo, narudia, usimeze!

Mwaka jana wifi yangu alipoanza kulia usiku baada ya kujifungua, Kulwa alinipigia mimi kwanza, anataka namba ya yule daktari. Msamaha hajaomba. Namba nikampa.