Tunahama nyumba walikokulia wanangu: niwaambie lini, na tuiage vipi?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nina watoto wawili. Wa kike ana miaka minne na miezi miwili, mdogo wake wa kiume ana mwaka mmoja na nusu. Wiki tano zijazo tunahama. Hatujafukuzwa, ni nafasi tu imekuwa ndogo. Lakini nyumba hii tuliingia mimi na mume wangu tukiwa wawili, na watoto wote tuliwaleta hapa kutoka hospitali. Kwenye fremu ya mlango wa jikoni kuna alama za penseli za kimo cha binti yangu tangu alipoanza kusimama. Ameshasikia fununu. Juzi aliniuliza kama nyumba itabaki peke yake usiku. Nilikosa jibu, nikamwambia alale.

Niwaambie lini? Siku ya kuhama wawepo, au niwapeleke kwa bibi yao warudi wakute kila kitu tayari? Mume wangu anashauri tutumie nafasi hii kumhamishia mdogo kitanda kikubwa, kumwachisha nepi, na kuwanunulia vitu vipya ili wafurahie. Na mimi kila nikifungua kabati nalia. Je, nikilia mbele yao nitawaumiza?

JIBU: Mama, pole na hongera. Nakupa zote mbili kwa pamoja, maana barua yako ina zote mbili na asikuambie mtu uchague moja.

Nianze na swali la binti yako, kwa sababu ndilo lililobeba mengine yote. Mtoto wa umri wake bado anavipa vitu uhai. Jua limekwenda kulala, nyumba inaogopa giza. Mwanasaikolojia Jean Piaget aliieleza fikra hii kwa watoto wa kati ya miaka 2 na 7, na mzazi yeyote aliyewahi kukichapa kiti kwa kumkwaza mwanawe anaijua. Lakini ndani ya swali hilo kuna lingine. Akiuliza kama nyumba itabaki peke yake, anauliza pia: kumbe kitu tunachokipenda kinaweza kuachwa?

Niliwahi kuletewa mvulana wa umri kama huo aliyekataa kuvua viatu usiku. Alilala navyo wiki mbili, kamba zimefungwa. Wazazi wake walikuwa wanafungasha, na sebuleni kulikuwa na marundo mawili: vya kwenda na vya kuacha. Kutwa nzima alisikia "hiki tunaacha, hiki kimechakaa, hiki hakitufai tena." Hakuna aliyemwambia yeye yuko rundo gani. Baba yake alipompakata na kumtajia watu wanaokwenda, mmoja baada ya mwingine, akianza na jina lake, viatu vilivuliwa usiku wa pili.

Kwa hiyo mwambie binti yako, na umwambie leo: "Nyumba haitabaki peke yake, watakuja watu wengine kuishi humu. Sisi tunakwenda wote. Wewe unakwenda, mdogo wako anakwenda, baba anakwenda, mimi nakwenda, na kitanda chako kinakwenda." Atakuuliza tena kesho na keshokutwa. Mrudishie maneno yale yale bila kuyapamba, kwani anachotafuta ni kuona kama jibu limebadilika.

Kama asingekuwa amesikia lolote, ningekuambia usubiri hadi zibaki kama wiki mbili, kwa kuwa wiki tano kwa mtoto wa miaka minne hazina mwisho. Sasa ameshanusa jambo, na ukimya wenu utamtisha kuliko habari yenyewe. Zikibaki siku kumi, mchoreeni vitanda kumi kwenye karatasi, kila asubuhi akate kimoja. Anajua kuhesabu usingizi kabla hajajua kuhesabu wiki. Mdogo wake anatosha kuambiwa siku mbili tatu kabla, na zaidi kwa mikono: mpe boksi, atie mdoli, autoe, autie tena. Mchezo huo unamfundisha kwamba kitu kikiingia kwenye boksi hakijapotea.

Siku yenyewe: hapa nakupinga kidogo. Saa za kubeba mizigo, kwa bibi ni sawa kabisa, na hata ni salama zaidi, maana milango iko wazi na kila mtu mzima ana mikono miwili iliyojaa. Ila wasilale huko, na wasikute kila kitu tayari. Mwaka 1952 James Robertson, mtafiti wa watoto wa Uingereza, alionyesha filamu ya mtoto wa miaka miwili aliyelazwa hospitali siku nane mbali na wazazi wake. Alikuwa mtoto mtulivu, asiyelia sana, na ndiyo maana watu wengi walidhani watoto kama yeye wamezoea. Ukimtazama usoni unaona hajazoea, amejizuia. Wako hawaendi mbali hivyo, lakini mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayeondoka nyumba moja na kuzindukia nyingine, bila kushuhudia kilichotokea katikati, anaweza kukaa kimya vivyo hivyo, nanyi mkasema amepokea vizuri.

Warudisheni gari la mizigo likishaondoka, waione nyumba tupu. Najua inauma. Lakini mtoto asiyeiona tupu huamini kule nyuma kila kitu kiko kama kilivyokuwa, na ataomba kurudi. Piteni chumba kwa chumba kungali mchana, robo saa inatosha. Wasikie sauti zao zinavyojirudia kwenye kuta, mguse ukuta, mseme kwaheri chumba, asante. Binti yako akitaka kufunga mlango wa mwisho mwenyewe, mwachie.

Kule mnakohamia, vitanda vya watoto viunganishwe kabla ya sufuria ya kwanza kutoka kwenye boksi. Kichwa cha kitanda kiuelekee mlango kama kilivyokuwa, ikiwezekana. Na mashuka usiyafue. Donald Winnicott, daktari wa watoto aliyeandika mwaka 1953 kuhusu vile vitambaa na midoli ambayo watoto hawaachani nayo, alieleza kwamba mama huiacha ichafuke na inuke akijua kuwa akiifua atakata kitu kinachomuunganisha mtoto na jana. Siku saba za shuka lisilofuliwa hazimdhuru mtoto. Kuoga, nguo za kulalia, hadithi, taa, vifuatane vile vile kama vilivyofuatana huku. Tembeeni na binti yako njia ya kwenda chooni mchana, kisha tena taa zikiwa zimezimwa. Mtoto anayeanza kujikojolea baada ya kuhama huenda hajasahau lolote, ameogopa tu korido asiyoijua.

Akijikojolea hata hivyo, au akianza kunyonya kidole, au akaomba kubebwa kama mdogo wake, mpe anachoomba na usimsimange. Mara nyingi hupita ndani ya wiki chache. Ukiona mdogo anapoteza maneno aliyokuwa nayo, au mmoja wao anakataa kula, au baada ya miezi miwili huzuni bado inamzuia kucheza, usingoje, mpeleke aonwe.

Mume wako ana nia njema, lakini mwambie kitanda na nepi vingoje mwezi mmoja na nusu hivi baada ya kuhama. Mtoto abadilishiwe jambo moja kwa wakati mmoja. Isipokuwa kama mdogo ameshaanza kuruka kingo za kitanda chake, hapo ni usalama na ahamishwe. Vitu vipya, kimoja kwa kila mtoto.

Kabla hawajaingia, tembeeni nyumba mpya kwa magoti. Kwenye nyumba ya zamani mikono yako inajua hatari zilipo bila kufikiri, na ujuzi huo hauhami nawe. Angalia madirisha, ngazi, nyaya. Makabati na meza za droo zifungwe ukutani siku ile ile, kwa sababu mtoto akipanda droo kabati humwangukia. Maji ya moto ya bomba yasizidi nyuzi 49. Ndoo zisibaki na maji, maana sentimita chache zinatosha kumzamisha mtoto mdogo.

Sasa wewe. Lia, mama. Mbele yao pia. Kinachomtisha mtoto ni chozi lisilo na maelezo, hasa likifichwa harakaharaka, kwa sababu mtoto wa miaka minne hudhani yeye ndiye sababu. Sema: "Nalia kwa kuwa naipenda nyumba hii. Nitanyamaza, halafu tutakula." Kilio kile kizito cha kushika ukuta mpelekee mume wako au dada yako.

Nadhani najua pia unalilia nini. Kumbukumbu za mwanzo kabisa ambazo watu wazima wengi wanazo ni za kuanzia miaka mitatu hivi au minne. Mwanao wa kiume hatakuwa na nyumba hii kichwani. Binti yako atabaki na vipande viwili vitatu, pengine rangi ya sakafu. Mashahidi mnaobaki ni wewe na baba yao. Kwa hiyo keti chini na upige picha kutoka kimo chao: chini ya meza, ule ufa waliokuwa wakiuingiza kidole. Rekodi mlango ukilia kwenye bawaba.

Na zile alama za penseli, usiache mtu apake rangi kabla hujazichukua. Bandika karatasi ndefu juu ya fremu, ncha ya chini iguse sakafu kabisa, kisha nakili kila mstari na tarehe yake. Kule mtakakohamia ibandikeni mlangoni vile vile, ncha ikigusa sakafu, ili vimo vibaki vya kweli. Usimpime siku ya kwanza. Iache hapo mpaka aje mwenyewe aegemeze mgongo.