Somo la Muziki Lianze na Sauti, Daftari Lifuate

Wiki iliyopita niliandikiwa na mwalimu chipukizi aliyepelekwa kufundisha Muziki katika shule ya kutwa isiyo na piano, ambako filimbi zilizopo haziwatoshi hata nusu ya wanafunzi. Aliniuliza aanzie wapi. Namjibu hadharani kwa sababu najua wengi wetu tunaofundisha somo hili tuko katika hali hiyo hiyo.

Aanze na sauti. Mimi hufundisha karibu na Kakamega, magharibi mwa Kenya, kwa Waisukha na Waidakho, ambao isukuti, mchezo wao wa ngoma, iliorodheshwa na UNESCO mwaka 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Ngoma zake ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo, kila moja na mpigaji wake, na kwazo wanafunzi wangu hujifunza mapigo kabla sijaandika noti yoyote ubaoni. Nusu ya darasa hupiga makofi mawili katika muda ule ule ambao nusu nyingine inapiga matatu. Mwanzoni huwa vurugu tupu, hadi mmoja wao asikie kwamba makundi yote mawili hukutana kwenye moja kila tunapohesabu hadi sita. Huanza kutikisa kichwa papo hapo, na wenzake humfuata. Nikiyaandika mapigo hayo baadaye, huyasoma kama watu wanaokutana na jirani yao.

Kisha wape sauti tano: do, re, mi, so, la. Kwa kuwa hakuna nusu toni, ile hatua ndogo kabisa kati ya sauti mbili, kati yake, hata anayebahatisha hutoa kitu kinachosikika vizuri, na woga humtoka. Muhula uliopita, msichana mmoja ambaye alikuwa hafungui kinywa darasani alitunga wimbo mfupi kuhusu foleni ya maji. Aliumalizia kwenye re. Nilimwuliza tu kama wimbo umefika. Akauimba tena kwa sauti ya chini, akaifuta re, akaandika do, sauti ambayo wimbo hutulia. Wimbo huo uliimbwa na darasa zima mbele ya wazazi, nami sioni haya kusema kwamba nilijivunia sana.

Hata hivyo, jambo moja bado linaniuma. Katika shule niliyofundisha awali, niliambiwa mbele ya walimu wenzangu kwamba vipindi vyangu ni kelele na kwamba alama haziletwi na ngoma. Mtihani wa Muziki wa KCSE, ule wa kumaliza sekondari nchini Kenya, una karatasi tatu, ya vitendo, ya usikivu na ya nadharia, na hata hiyo ya nadharia humtaka mtahiniwa atunge melodia. Atatungaje mtu ambaye kwa miaka yote amenakili tu maelezo ya mwalimu? Mwalimu mwenzangu, usikubali kunyamazishwa. Waache watunge, wakosee, wasikilizane, watunge tena. Nadharia ifundishe pale wanapoihitaji, wala usiwatangulizie.

Kuhusu filimbi chache ulizonazo, wagawe watatu watatu: mmoja apige, wa pili aimbe, wa tatu aandike anachosikia, kisha wabadilishane. Anza na noti za G, A na B za mkono wa kushoto, ambazo wanafunzi wataziimba kama do, re, mi. Na kabla filimbi haijapokewa na mwingine, ioshwe kwa maji na sabuni.