Msawazo huegemea upande wa asidi dhaifu

Mdogo wangu, umeuliza utajuaje siki ikikutana na NaHCO₃ (baking soda) msawazo, yaani hali ambapo mmenyuko wa kwenda na wa kurudi unakwenda kwa kasi sawa, utaegemea wapi, bila kukariri. Tafuta asidi mbili, moja kila upande wa mshale wa mlinganyo. Wanafunzi wengi hulinganisha asidi na besi ya upande uleule, hapo ndipo wanapopotea.

Kushoto una asidi ya asetiki, ile ya siki, pKa (kipimo cha ukali wa asidi) 4.76. Kulia asidi ya kaboniki, inayotokana na NaHCO₃ ikipokea protoni (H⁺), 6.35. Yenye pKa ndogo ndiyo kali, ndiyo inayoachia protoni, kwa hiyo mmenyuko unakwenda kulia. Tofauti ni 1.59, basi K, namba inayoonyesha msawazo umeegemea kulia kiasi gani, ni 10 kwa kipeo cha 1.59, karibu 39. Nyumbani kamulia ndimu kwenye magadi ya maharage uone povu: ni CO₂ ya asidi ya kaboniki inatoka, na kutoka kwake kunazidi kuuvuta mmenyuko kulia.

Sasa chukua NH₄⁺ ya mbolea ya SA (salfeti ya amonia), ile tunayokuzia mahindi huku Mbeya, pKa 9.25, uikutanishe na asetati, besi inayobaki asidi ya asetiki ikishaachia protoni. Asidi dhaifu tayari iko kushoto. Karibu yote inabaki hukohuko.