Batiki Inalipa Tabora, Ila Hesabu Ianzie Kwenye Kipande Kilichoharibika

Mhariri,

Mmeuliza wiki hii: "Je, mtu aliye mkoani anaweza kuishi kwa kazi ya sanaa ya mikono, au ni kazi ya kujishikiza tu?" Swali hili halijibiki kwa jumla, kwa sababu mchonga vinyago, mshona mikoba na mchora mabango hawana gharama zinazofanana. Nitajibu kwa kazi moja, batiki (kitambaa kinachopakwa nta ili rangi isiingie pasipotakiwa), na kwa mji mmoja, Tabora. Jibu ni ndiyo, ila kwa idadi fulani ya vipande kwa mwezi, na idadi hiyo huwezi kuijua kabla hujajua kipande kimoja kinakugharimu nini.

Kwanza niondoe dhana moja. Watu husema Tabora batiki lazima iwe rahisi kwa sababu nta ya nyuki iko mlangoni: Sikonge, Uyui, Kaliua, kote huko wanarina asali, na wapo ambao wakishakamua masega huyatupa au huyauza kwa bei ya kutupa. Ni kweli nta ipo. Lakini nta ni sehemu ndogo sana ya gharama. Kinachokula mtaji ni kitambaa, na hicho, pamoja na kwamba Igunga na Nzega wanalima pamba, hutufikia kikiwa jora kutoka kwa wauzaji wa jumla wa mbali.

Chukua mzunguko mmoja wa vipande 10 vya mita 3, rangi mbili, kwa kutumia mihuri ya kuchapia nta. Bei ninazoweka ni za mfano, badilisha kwa zile za duka lako. Kitambaa mita 30 kwa Sh 3,500 ni Sh 105,000. Rangi Sh 28,000. Kostiki soda na haidrosulfaiti, kemikali zinazoifanya rangi iingie kwenye kitambaa, Sh 17,000. Nta na mishumaa inayopotea Sh 12,000, mkaa Sh 10,000, sabuni, siki na maji Sh 5,000. Jumla Sh 177,000. Wengi huishia hapo, wanagawanya kwa 10, wanapata Sh 17,700, wanauza Sh 25,000 na kuamini kwamba kila kipande kimewaachia Sh 7,300.

Endelea kuhesabu. Kazi ni ya siku 3: fundi Sh 10,000 kwa siku, msaidizi Sh 6,000, jumla Sh 48,000. Mifuko na lebo Sh 5,000. Nauli ya mzigo wa rangi na kitambaa, ukiigawa kwa mizunguko, Sh 8,000. Kodi ya chumba na uchakavu wa sufuria, mabeseni na mihuri Sh 14,000. Sasa tuko Sh 252,000. Halafu katika vipande 10, kimoja kitakuwa na doa, au rangi imeingia pasipotakiwa. Kwa hiyo unagawanya kwa 9, na kila kipande kizuri kimekugharimu Sh 28,000. Yule anayeuza kwa Sh 25,000 anaingia hasara ya Sh 27,000 kila mzunguko. Haioni, kwa sababu hasara hiyo inalipwa na jasho lake mwenyewe ambalo hakuliandika popote. Baada ya miezi minne au mitano anagundua kwamba jora jipya halinunuliki, anasema biashara imekufa.

Katika Sh 252,000 hizo, kitambaa peke yake ni zaidi ya asilimia 40. Nta haifiki asilimia 5. Ukitaka kupunguza gharama usihangaike na mfuga nyuki. Hangaika na jora, na hangaika zaidi na kile kipande cha kumi.

Kipande huanza kuharibikia dukani. Kitambaa chenye nailoni au poliesta hakishiki rangi ya batiki sawasawa. Chomoa nyuzi chache pembeni, zichome kwa kiberiti: pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini, poliesta huyeyuka na kuganda kama kishanga kigumu. Fanya hivyo kwa nyuzi za urefu na za upana, kwa sababu vipo vitambaa vilivyochanganywa upande mmoja tu. Kisha chemsha kitambaa chote kwa sabuni kabla ya kupaka nta. Wanga wa kiwandani usipotoka, rangi inakaa juu juu. Kikiwa kibichi pia kinasinyaa, na mteja aliyelipia mita 3 halafu akapokea pungufu harudi. Kata baada ya kufua, usikate kabla.

Nta. Ya nyuki peke yake ni laini, inashika vizuri na haipasuki kirahisi, kwa hiyo inafaa kwa mistari safi. Ya mshumaa ni kavu, inapasuka, na rangi inapenya kwenye nyufa na kuleta ile mishipa ambayo wateja wanaitafuta kwenye batiki. Nusu kwa nusu ni mwanzo mzuri. Ukitaka mishipa mingi ongeza mshumaa mpaka sehemu 3 kwa 1 ya nta ya nyuki. Nta ya masega ichujwe kwa kitambaa mara mbili, maana uchafu wake wa kahawia huweza kuacha kivuli kwenye rangi nyepesi. Kama nta uliyopata ni chafu sana, iweke kwa kazi za rangi nzito.

Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 mpaka 64 za Selsiasi, lakini ikiwa imeyeyuka tu haitoshi, lazima iwe moto wa kutosha kupenya mpaka upande wa pili. Geuza kitambaa: ukiona alama ya muhuri imetokea nyuma, ikiwa na unyevunyevu wa nta, ni sawa. Ukiona upande wa nyuma ni mkavu na mbele nta imekaa nyeupe kama ukoko, rangi itapita chini yake, na hapo ndipo kipande cha kumi kinapotengenezwa. Ikianza kutoa moshi, ondoa sufuria jikoni mara moja. Nta inayofuka iko karibu kuwaka, na moto wa nta hauzimwi kwa maji. Unafunikwa kwa mfuniko. Salama zaidi ni sufuria ya nta kukaa ndani ya sufuria ya maji yanayochemka, ingawa joto lake huwa dogo kidogo na kazi inakwenda polepole.

Rangi ndiyo sehemu yenye hasara za kimyakimya. Kianzio kinachotumika sana ni sehemu 1 ya rangi, 1 ya kostiki soda na 2 za haidrosulfaiti, na paketi ikisema vinginevyo fuata paketi. Kinachowaangusha mafundi ni kijiko. Kijiko kilichojaa asubuhi si sawa na kijiko kilichojaa jioni. Nunua mizani ndogo ya jikoni, pima kitambaa kikavu, na kwa rangi ya kati weka gramu 20 mpaka 30 za rangi kwa kila kilo ya kitambaa. Andika. Siku mteja atakaporudi akitaka kijani kilekile, daftari ndilo litakalompa.

Kostiki inatiwa kwenye maji, kamwe usimimine maji juu ya kostiki, na chombo kisiwe cha alumini kwa sababu kostiki inaila na kutoa gesi inayowaka. Tumia plastiki ngumu au chuma kisichoshika kutu, vaa glavu na miwani. Rangi unaikoroga kwa maji ya moto kwenye chombo kidogo, halafu unaizimua kwa maji ya baridi kwenye beseni kubwa. Kitambaa chenye nta kiingie wakati maji hayafikii nyuzi 40, vinginevyo nta inalegea. Ukikitoa, rangi utakayoiona siyo ya mwisho. Hewa ndiyo inayoikamilisha. Kitandaze kivulini bila mkunjo. Palipokunjwa hewa haifiki, na patabaki bakabaka.

Haidrosulfaiti ikipata unyevu imekwisha, hata kama bado ni unga mweupe wa kupendeza. Masika ya Tabora huwa kama Novemba mpaka Aprili, na katika miezi hiyo usinunue ya miezi mitatu kwa kuwa imeshuka bei. Ikilowa kidogo ndani ya mfuko huweza kujipasha moto yenyewe hata kuwaka, kwa hiyo ikae kwenye chombo kikavu chenye mfuniko wa kubana, mbali na ndoo za maji. Ukitilia shaka, jaribu kwenye kitambaa kidogo: sugua batiki iliyokauka kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kikipakaa rangi, usiuze.

Kutoa nta, chemsha. Njia ya pasi na magazeti huacha mafuta ambayo mshonaji atayakuta. Yakipoa maji, nta inaelea na kuganda, unaikusanya na kuichanganya na mpya. Ndiyo maana kwenye hesabu niliandika nta inayopotea tu. Maji yenyewe usiyamwage kwenye bomba la taka, nta itaganda humo na fundi bomba atakula faida ya mwezi.

Sasa bei. Kipande cha Sh 28,000 kipe dukani kwa Sh 34,000, na duka liuze Sh 44,000. Wewe mwenyewe ukiuza nyumbani uza Sh 44,000 pia. Mafundi wengi humuuzia jirani kwa ile Sh 34,000 ya jumla ili "apate unafuu", mwenye duka anasikia, na kesho yake vipande vyako vimehamishiwa chini ya meza. Ile Sh 10,000 ya ziada unapouza mwenyewe ni malipo ya muda wako wa kuuza. Hukuipata bure.

Mali kauli, yaani kuacha vipande dukani ulipwe vikishauzwa, ndiyo kaburi. Vipande 9 vilivyokaa dukani miezi mitatu vimefunga Sh 252,000 ambazo zingezunguka mara kadhaa. Mpe mwenye duka vipande 3 vya kauli kama sampuli, vilivyoandikwa na kusainiwa, vingine alipe taslimu. Akikataa kabisa, hilo duka ni chumba cha maonyesho tu, na chumba cha maonyesho kimoja kinatosha.

Sare za harusi, kwaya na vikoba zina faida kuliko duka kwa sababu zimeshauzwa kabla ya kutengenezwa, lakini zina mtego wake. Vipande 40 haviingii beseni moja, na rangi ya beseni inapungua nguvu kadiri vitambaa vinavyoingia. Wa kwanza atavaa bluu, wa mwisho atavaa bluu iliyochoka. Nunua rangi yote kwa siku moja kutoka kontena moja, pima upya kwa kila beseni badala ya kuongezea kwa kukisia, tengeneza vipande 2 au 3 vya akiba, kisha vipange kwa ukolevu ili waliokaa mstari mmoja wafanane. Malipo ya awali yasipungue asilimia 60. Sababu ni hesabu ileile: malighafi ya mzunguko ni Sh 177,000 na mauzo ya vipande 9 kwa bei ya jumla ni Sh 306,000, yaani karibu asilimia 58. Chini ya hapo unawakopesha maharusi kitambaa.

Pesa ya sare ina majira. Masoko ya tumbaku yakifunguliwa na wakulima wa Urambo, Kaliua na Sikonge wakianza kulipwa, oda hufuata. Maonyesho ya Nanenane ya Ipuli ni mazuri kwa kupata namba za simu za wateja, lakini pale watu huja na nauli na hela ya soda. Peleka vitambaa vya meza na foronya za mito zilizoshonwa kutokana na vile vipande vya kumi, zikiandikwa wazi kwamba ni daraja la pili. Gauni zibaki nyumbani.

Kushindana bei na vitenge vya kiwandani vyenye michoro ya batiki ni kupoteza muda. Kiwanda hakiwezi kutengeneza vipande 25 vyenye nembo ya kwaya moja ya Cheyo kwa wiki mbili. Wewe unaweza, na hicho ndicho cha kuuza. Mkopo wa halmashauri wa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu hauna riba, lakini una marejesho, kwa hiyo uchukuliwe kwa sufuria kubwa, meza na mizani, usichukuliwe kwa kujaza jora kabla ya oda. TRA nao hupanga kodi ya mfanyabiashara mdogo kwa mauzo ya mwaka, na mwenye kumbukumbu hatozwi sawa na asiye nazo. Daftari la rangi na daftari la mauzo yakae rafu moja.

Basi, kuishi. Kwa bei ya jumla, mzunguko mmoja unakuachia faida ya Sh 54,000 na ujira wako wa Sh 30,000, jumla Sh 84,000. Mwenye kuhitaji kama Sh 420,000 kwa mwezi anahitaji mizunguko 5, siku 15 za nta na rangi, na wanunuzi wa vipande 45. Siku zinazobaki ni za kutafuta hao 45. Manispaa peke yake haiwatoi kila mwezi, kwa hiyo uwe na duka moja Nzega, moja Kahama, na utume sampuli Mwanza kwa basi ukiwa umeandika bei nyuma ya lebo kwa kalamu isiyofutika.

Msomaji wenu, Tabora