CV imefika imevurugika? Usikimbilie kurudi kwenye Ofisi ya elfu kumi

Juzi usiku nafunga duka ikaingia meseji ya dada mmoja anayefuatilia haya ninayoandika. "Kaka habari za kazi. Nilikusikiliza nikaweka LibreOffice, jana nimetuma CV, leo mtu wa HR kanipigia anasema jedwali limepanda juu ya picha na ukurasa wa mwisho una mistari miwili tu. Nimeona aibu sana. Kuna kaka hapa mtaani ananiwekea Ofisi kamili kwa elfu kumi, nifanyeje?"

Nikakaa na ile simu mkononi muda mrefu. LibreOffice ni programu ya bure ya kuandikia barua na kufanyia mahesabu; hiyo Ofisi ya elfu kumi ni Microsoft Office, yenye Word na Excel, iliyoibwa bila leseni. Hiyo elfu kumi naijua, niliilipa mwaka 2019.

Nilikuwa ndo nimefungua steshenari hapa Morogoro, kompyuta mbili za mtumba, printa moja, na mashine ya kutoa kopi niliyochukua kwa mkopo. Fundi akaja na flashi yake, kitu cha kwanza akaniambia, "zima antivairasi kwanza, maana itaikataa." Nikazima mwenyewe kwa mkono wangu. Ikakaa wiki kadhaa vizuri, Word inafunguka, Excel inafunguka, halafu ikaanza kuleta maandishi mekundu inadai ufunguo, nikamwita tena, akadaunlodi kreki nyingine mtandaoni, yaani kile kiprogramu cha kuvunja ufunguo, akaibonyeza, akaondoka. Jioni ile ile mafaili yote yakageuka meupe, kila jina limeongezewa herufi za ajabu baada ya .docx, na kila folda ina ujumbe wa Kiingereza kwamba nilipe dola 980, nikiwahi ndani ya masaa 72 wananipunguzia iwe 490. Dola 490! Mtaji wangu wote wa karatasi na wino haukufika huko.

Ila siyo hiyo iliyoniumiza. Kulikuwa na binti wa chuo aliyekuwa anachapa risachi yake kwangu, na siku hiyo flashi yake, ya bluu ina kamba nyeusi, ilikuwa imechomekwa kwenye ile mashine. Nayo ikaliwa. Alipokuja asubuhi nikamweleza, hakupiga kelele hata kidogo, alikaa kwenye benchi pembeni ya printa akaifungua tu flashi, akaifunga, akaifungua. Tulikuwa na kopi ya karatasi ya sura tatu zenye wino mwekundu wa msimamizi wake, nikazichapa upya usiku nne bila kumdai hata mia. Sura ya nne haikuwahi kuprintiwa. Akachelewa kuwasilisha, akakosa mahafali ya mwaka ule. Mpaka leo nikiona flashi ya bluu moyo unashtuka.

Basi nikafuta kila kitu, nikaingia libreoffice.org, nikadaunlodi, ni kama MB mia tatu na kitu, bando la usiku linatosha kabisa. Hakuna ufunguo, hakuna kuzima antivairasi, hakuna fundi. Ndani una Writer ya barua, Calc ya mahesabu, Impress ya slaidi na nyinginezo, na ukiweka kwenye kompyuta kumi ni halali kumi zote.

Miezi ya mwanzo niliteseka, siwezi kuficha. Mteja anakaa, anaangalia skrini, anasema "hii siyo Word" anaondoka. Mwalimu mkuu mmoja aliniambia mbele ya watu kwamba vitu vya bure ndo vinavyoharibu kazi za watu, akachukua mitihani yake akapeleka duka la jirani. Sikumjibu. Nikajifunza. Na nilichojifunza ndo kitakachomsaidia huyu dada, kwa hiyo tulieni hapa.

Kilichovuruga CV yake karibu kila mara ni fonti. Ukifungua Writer mpya inakuandikia kwa Liberation Serif. Kompyuta ya yule wa HR haina hiyo fonti, kwa hiyo Word inachukua nyingine inayoona inafaa, herufi zinapanuka au kusinyaa, mstari unasukuma mstari, jedwali linahama. Ukiwa kwenye Windows chagua Times New Roman au Arial tangu mwanzo, unazo. Ukiletewa kazi ya Calibri na kompyuta yako haina Calibri, kuna Carlito inakuja na LibreOffice yenyewe, upana wa herufi zake ni ule ule, mistari inabaki ilipo. Kwa Cambria kuna Caladea.

Kingine ni tabia yetu ya kusukuma maneno kwa spesi na kubonyeza Enter mara ishirini ili ufike ukurasa wa pili. Acheni jamani. Ukurasa mpya ni Ctrl na Enter, mara moja. Kazi iliyopangwa kwa spesi hata Word kwa Word inavurugika.

Na CV tuma PDF. Narudia, CV tuma PDF. Kuna kitufe pale juu kabisa, unabonyeza, unaipa jina, imeisha, haihami hata nukta. Wewe baki na .odt yako, yaani faili la Writer lenyewe, kama mama wa faili, hiyo ndo unayorekebisha, na .docx, yaani faili la Word, toa pale tu mtu akikuomba. Kama ofisi yenu wote mnataka .docx, ingia Tools, Options, Load/Save, General, weka iwe inaseivu hivyo siku zote. Wale waliozoea sura ya Word, nenda View, User Interface, chagua Tabbed, macho yatatulia.

Sitakudanganya kwamba kila kitu kinakubali. Mafaili ya Excel yenye makro nzito, zile amri zinazofanya kazi zenyewe ndani ya faili, mengi yanagoma kwenye Calc, na kama mshahara wako unategemea hizo, nunua leseni halali. Kununua sina ugomvi nako, nina ugomvi na kuiba.

Maana tunaiba, ndugu zangu, tuiite kwa jina lake. Tunaiba kitu wakati kuna watu wametupa chao kwa hiari. Kampuni ya Sun iliufungua kwa wote msimbo (code) wa programu yao ya StarOffice mwaka 2000 ikawa OpenOffice, na 2010 wenyewe waliokuwa wanaijenga wakajitenga wakaanzisha LibreOffice chini ya The Document Foundation, makao yake Berlin. Na hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 2004 watu walikaa wakaitafsiri OpenOffice kwa Kiswahili wakaiita Jambo OpenOffice. Waliwaza mtu wa Kilosa asiyejua Kiingereza afungue kompyuta asome "Faili" na "Hariri". Sisi tunalipa elfu kumi kuletewa virusi!

Leo nina kompyuta tano, zote LibreOffice, kikoba cha mama yangu mdogo chenye wanachama ishirini na nane hesabu zake ziko kwenye Calc yangu, na Machi mwaka huu yule mwalimu mkuu alirudi na mitihani ya mock ya shule nzima. Nilimchapia, nikampa PDF, hajalalamika ukurasa hata mmoja.

Dada, usimpe huyo kaka hela yako. Nitumie lile faili lenyewe la .odt, siyo picha ya skrini, na uniambie ulitumia fonti gani. Kesho niko dukani mpaka saa mbili usiku.