Maswali yenu ya safari: Dordogne, kule pango lilifungwa kwa sababu ya pumzi za watu

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mi niko Ntinda hapa Kampala, kaka yangu anafanya kazi Bordeaux huko Ufaransa na amenialika mwezi wa tisa. Paris sina hamu nayo, picha zake nshaziona mpaka basi, nataka kijijini, mashamba, ngome za zamani, na nasikia kuna pango la michoro ya watu wa kale linaitwa Lascaux. Ila rafiki yangu ananiambia nisijisumbue, eti pango lenyewe halifunguliwi wanakuonyesha feki tu. Ni kweli? Na siku tano zinatosha? (Msomaji wa Ntinda)

JIBU: Marahaba mwanangu. Rafiki yako hajakudanganya ila hajamaliza kusimulia. Lascaux iko Montignac, mkoa wa Dordogne, vijana wanne waliligundua hilo pango tarehe 12 mwezi wa 9 mwaka 1940, na 1948 likafunguliwa kwa wageni. Watu wakamiminika, siku zingine zaidi ya elfu moja, na hapo ndo shida ikaanza, maana kila anayeingia anapumua, anatoa jasho, anaingiza joto, taa nazo zinawaka, sasa michoro iliyokaa gizani kama miaka 17,000 bila mtu kuisumbua, ndani ya miaka 15 tu ukuta ukaanza kuota ukijani. 1963 serikali ikafunga. Sisi Waganda hili hatuhitaji kuelezwa sana. Ukienda Bwindi kuona gorila mnaingia watu wanane, mnakaa saa moja, na ukiwa na mafua unarudishwa hata kama ulishalipa, kwa sababu pumzi yako inaweza kumuua. Lascaux ni hivyo hivyo, tofauti ni kwamba kule waligundua wakiwa wameshachelewa.

Kwa hiyo utakachoona ni nakala. Ya kwanza ilifunguliwa 1983 na ni sehemu tu ya pango, ile kubwa inayoitwa Lascaux IV ilifunguliwa mwezi wa 12 mwaka 2016, chini ya kilima kile kile. Nakuomba usiiite feki. Mi mwenyewe niliingia na shaka kama ya rafiki yako, kuna baridi na giza kama pango la kweli, afu nikainua macho nikaona dume la ng'ombe refu kupita mita 5, limechorwa na mtu mwenye taa ya mafuta ya mnyama na udongo wa rangi basi, mwili umekaa ubavu lakini pembe kazigeuza kidogo ili uzione zote mbili. Mi nimekulia Mbarara katikati ya ng'ombe wa pembe ndefu, najua dume likisimama vile linataka nini, na nilijua pale pale kwamba huyu mchoraji hakusimuliwa, aliwaona kwa macho yake siku nyingi. Wale ni ng'ombe wa porini ambao wameshaisha duniani, wa mwisho alikufa Poland mwaka 1627. Nilibaki nimesimama mpaka kiongozi wa msafara akarudi kuniita.

Ukitaka ukuta wenyewe uliopakwa kwa mkono wa mtu wa kale, nenda Font-de-Gaume, pale Les Eyzies, kama kilomita 25 kufuata mto Vézère. Hapo bado wanaingiza watu, ila wachache sana kwa siku na kwa vikundi vidogo, njia nyembamba, begi unaacha nje, picha hupigi. Kiongozi anasogeza tochi taratibu, na ghafla kitu ulichodhani ni uvimbe wa jiwe kinakuwa bega la nyati. Weka nafasi kwenye intaneti mapema, kabla hujakata hata tiketi ya ndege. Ikishindikana kuna Rouffignac, unapanda kitreni cha umeme kinakuingiza ndani kabisa ya mlima, humo wamechorwa wale tembo wa zamani wenye manyoya, zaidi ya mia moja, na hiyo inafaa hata kwa mzee asiyeweza kutembea mwendo mrefu. Beba sweta. Ndani ya mapango ni kama digrii 13 hata nje jua likiwa kali.

Siku tano zinatosha kama utatulia sehemu moja. Watu wetu tukifika Ulaya tunataka leo hapa kesho kule ili turudi na orodha ndefu, we usifanye hivyo, kaa Sarlat. Treni ya kutoka Bordeaux inafika mpaka hapo, inachukua kama masaa mawili na nusu au matatu, na njiani inapita Castillon, pale Vita vya Miaka Mia kati ya Wafaransa na Waingereza vilipomalizikia mwaka 1453. Sarlat yenyewe ni mji wa mawe ya rangi ya asali, sheria ya 1962 ya kulinda miji ya kale ilianzia kazi hapo, ndo maana unatembea mitaani kama umerudi nyuma miaka 500. Jumamosi ni siku ya soko. Mama mmoja alinipasulia jozi, ile njugu ya ganda gumu Waingereza wanaiita walnut, kwa nyundo ndogo, ganda likafunguka pande mbili sawasawa, akaniwekea mkononi akanionyesha kwa vidole kwamba nile na ile ngozi yake, nisiibandue, na alikuwa sahihi kabisa. Kula pia viazi vyao vya kukaangwa na mafuta ya bata na kitunguu saumu, mi nilikula siku tatu mfululizo.

Ngome: Beynac na Castelnaud, zinatazamana juu ya mto Dordogne, kwenye ile Vita vya Miaka Mia Beynac ilikuwa upande wa Wafaransa na Castelnaud mara nyingi upande wa Waingereza, ukisimama juu ya moja unaelewa kwa nini hawakulala usingizi. Na kwa vile ni mwezi wa tisa, jitahidi uwepo wikendi ya tatu, hizo ni siku za urithi, majengo mengi ya kale yanafunguliwa bure au kwa bei ya chini.

Mambo madogo yaliyonitesa mimi yasikutese wewe. Mabasi ya vijijini ni machache na jumapili unaweza kusubiri mpaka jioni bure, kwa hiyo mwambie kaka akupeleke au mkodi gari, na mseme mapema mnataka la otomatiki maana mara nyingi wanatoa la gia, halafu kumbuka kule wanaendesha upande wa kulia. Chakula cha mchana ni saa sita mpaka saa nane, basi. Mi nilifika kijiji kimoja saa nane na nusu na njaa yangu, mgahawa wa kwanza jiko limefungwa, wa pili hivyo hivyo, nikaishia kula biskuti kwenye ngazi za kanisa. Viza ni ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, ada euro 90, bima ya angalau euro 30,000, na unaweza kuomba kuanzia miezi sita kabla. Kama utalala kwa kaka, aende manispaa ya mji anaokaa achukue karatasi ya kukaribisha mgeni, inaitwa attestation d'accueil, stempu yake euro 30. Aanze sasa hivi, hiyo karatasi ndo inachelewesha wengi.

SWALI: Shangazi, binti yangu wa miaka 14 anauliza kama huko vijijini Ufaransa kuna historia yoyote ya mtu mweusi au ni wafalme wao tu. Nilikosa cha kumjibu. (Mama wa Jinja)

JIBU: Mama, mwambie ipo, tena mkoa huo huo. Kuna ngome inaitwa Milandes, Josephine Baker aliinunua mwaka 1947. Alizaliwa 1906 St. Louis, Marekani, kwenye umaskini na ubaguzi, akaja Ufaransa kuimba na kucheza dansi akawa nyota, na wakati wa vita alikuwa anabeba siri za kijeshi dhidi ya Wanazi. Pale Milandes alilea watoto 12 aliowaasili kutoka sehemu mbalimbali za dunia, alitaka watu waone kwamba watoto wa rangi na dini tofauti wanaweza kukua nyumba moja. Pesa zikaisha, 1969 akatolewa kwenye ile nyumba, na hapo roho yangu inauma kila nikisimulia. Alikufa 1975. Mwaka 2021 Ufaransa wakamweka Panthéon kule Paris, jengo wanalowaenzia mashujaa wao, mwanamke mweusi wa kwanza, ila mwili ulibaki Monaco, kwenye jeneza wakaweka udongo wa sehemu nne alizozipenda: St. Louis, Paris, Monaco na Milandes. Leo unaingia unaona nguo zake za jukwaani na vyumba vya nyumba. Binti akienda siku moja aanzie hapo.

SWALI: Mi ni mwalimu wa msingi huku Mbale, Ufaransa hatufiki. Wanafunzi wangu wataona wapi michoro ya kale? (Mwalimu, Mbale)

JIBU: Mwalimu, jirani yako tu. Nyero, kilomita chache kutoka mji wa Kumi. Michoro mingi ni ya rangi nyekundu, duara ndani ya duara ndani ya duara, na maumbo mengine yanafanana na mitumbwi, iko kwenye miamba mikubwa iliyo wazi. Hakuna wanyama kama wa Lascaux, kwa hiyo waandae mapema wasije wakasema mbona hakuna ng'ombe. Mi nilipofika mara ya kwanza niliona mtu amekwaruza jina lake kwenye jiwe, nikakasirika mpaka machozi. Kabla hamjashuka kwenye gari waambie hakuna kugusa na hakuna kumwagia maji ili rangi ionekane vizuri, kuna watu wanafanya hivyo kwa ajili ya picha ya simu na rangi inaondoka nayo. Gawa vikundi vya watoto kumi kumi, wa nyuma wasubiri kivulini. Kila mtoto achore duara moja tu kwenye daftari, taratibu, akiwa amekaa chini. Nendeni asubuhi, miamba ile ikishapata jua la saa sita hakukaliki.